Ngazi Iliyopigwa Msasa

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa moja, kisha jua likatoka nusunusu kama mgeni asiye na uhakika kama nyumba ndiyo hii. Saa moja na nusu Mama Ngazi alifungua mlango wa karakana, akasali sala yake fupi ya kufungulia kazi, akawasha taa, akaiona ngazi, akatamani kuizima taa.

Ngazi ilikuwa inang'aa.

Jana jioni alipoiacha na kwenda darasani kujifunza kusoma, ilikuwa ngazi kama ngazi zake zote: mianzi miwili ya miaka minne, rangi ya majani makavu, vifundo vyake vyote vimesimama, na vidato kumi na vinne vilivyopenyezwa kwenye matundu na kukazwa kwa vigingi. Sasa vifundo havikuwepo. Mianzi ilikuwa laini kutoka chini mpaka juu, imepakwa vanishi, na sakafuni palikuwa na unga mweupe ambao mtu alijitahidi kuufagia akaishia kuusogeza pembeni.

"Mama, umeiona?" Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, uso umechanua.

"Nimeiona."

"Nilitaka uikute hivyo hivyo. Nimetumia saa tatu nzima. Msasa wa kwanza mnene, wa pili mwembamba, wa tatu ule ninaomalizia miswaki."

"Umeichuna," alisema Mama Ngazi.

"Nimeing'arisha, mama."

Watu walimwita Mswaki, kwa sababu alitengeneza miswaki ya mianzi na kuiuza kwenye maduka yenye viyoyozi. Alitengeneza pia fremu za baiskeli, mbao za kukatia mboga, vishikio vya simu, na vifuko vya mkaa wa mwanzi vya kuondoa harufu kwenye viatu. Mwaka jana alimletea mama mkwe soksi zilizofumwa kwa nyuzi za mwanzi. Mama Ngazi alizivaa mara moja, akaziona nzuri, akaamua kutolitangaza jambo hilo.

Yeye alikuwa wa mianzi ya zamani. Ngazi ndiyo kazi yake kubwa, lakini mfereji uliokinga maji ya mvua kwenye paa la nyumba yake ulikuwa mwanzi uliopasuliwa kati. Uzio ulikuwa mianzi. Banda la kuku, mianzi. Kitanda alicholalia, mianzi. Na susu aliyomlelea binti yake, ambayo sasa ilimbeba mjukuu, ilikuwa mwanzi wa shina lililoota nyuma ya nyumba. Marehemu mume wake alimfundisha kazi hii kwa maneno machache, na maneno aliyoyarudia zaidi yalikuwa kwamba nguvu ya mwanzi iko kwenye ngozi. Ndani ni laini, katikati ni tupu, na kinachombeba mtu ni ule ugumu wa nje, mwembamba kama ukucha, pamoja na vifundo vinavyoushika usifunguke. Ukiuondoa ugumu ule, umebakiwa na kitu kinachofanana na mwanzi.

Kwenye mswaki hilo halina neno. Hakuna anayepanda mswaki. Na mswaki usiopigwa msasa unachana fizi, kwa hiyo kwa mkwe wake mwanzi wenye ngozi ulikuwa mwanzi ambao kazi yake haijaisha.

"Ulisema leo wanakuja wakubwa," alisema Mswaki. Uso ulikuwa umeanza kufifia. "Nikaona ngazi ina mikwaruzo. Nikasema isije ikatuaibisha."

Mama Ngazi alizungusha macho karakana nzima. Ngazi nyingine haikuwepo. Mianzi ya kutengenezea nyingine ilikuwa imelala kwenye birika la dawa nje, na ilikuwa na siku nne zaidi za kuloweka na wiki moja ya kukauka kivulini. Mkaguzi alikuwa anakuja saa nne, na akishaondoka harudi mpaka miezi mitatu ipite.

Mambo yalikuwa hivi. Mjini lilikuwa linajengwa jengo la maktaba, la ghorofa tatu, na mafundi rangi wa jengo hilo walikuwa wakitumia ngazi za Mama Ngazi tangu wengine wao wakiwa vijana wadogo. Walihitaji thelathini mpya. Lakini safari hii ilikuja kanuni kwamba hakuna ngazi itakayoingia kwenye jengo kabla ya mfano wake kupimwa na kugongwa muhuri. Ngazi ya Mama Ngazi ikishindwa, mkandarasi ataleta za alumini. Na za alumini zikija, hapatakuwa na sababu ya kuendelea na upande wake wa karakana. Karakana ilikuwa imegawanywa kwa mstari wa chaki, ngazi kulia na miswaki kushoto. Binti yake alishasema, kwa upole na mtoto mapajani, kwamba ikishindikana mama apumzike na mashine mpya ya mume wake iwekwe kulia. Hakuna aliyemfukuza. Ila mtu wa miaka hamsini na sita akiambiwa apumzike, huwa anaelewa anachoambiwa.

Alipitisha kiganja kwenye mwanzi. Kiganja kiliteleza.

"Mama, kuna ubaya?" aliuliza Mswaki.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake aliinua macho kwenye bati na kusema kimoyomoyo: Mungu wangu, unaona yaliyonipata. Ipite tu leo. Mengine tutazungumza baadaye.

"Shika kule mbele," alimwambia mkwe wake. "Mkokoteni unatusubiri."

*

Uwanja wa ujenzi ulikuwa na matope kiasi cha kumvua mtu kiatu. Mafundi rangi sita walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao zilizogeuzwa chini juu, wakiongozwa na mzee mwenye nyusi nyeupe aliyeitwa Chokaa. Hakuna aliyejua kama nyusi zilikuwa nyeupe kwa umri au kwa kazi.

"Mama Ngazi!" Chokaa alisimama. "Hii ngazi au bibi harusi?"

"Usianze, kaka."

"Nauliza tu. Maana mimi na hizi buti siwezi kuipanda hii. Nitaambiwa nivue viatu mlangoni."

Mafundi wakacheka. Mswaki naye alicheka, akidhani amesifiwa.

Mkaguzi alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ngumu mpya na ubao wa kubania karatasi. Aliamkia vizuri, aliuliza jina, aliandika, akaomba ngazi ilazwe juu ya mapipa mawili, ncha hii na ncha ile, na chini yake pamwagwe mchanga. Kisha mifuko sita ya mchanga, kilo ishirini na tano kila mmoja, ikapangwa katikati. Akatoa simu, akaweka dakika kumi.

Dakika kumi za namna hiyo ni ndefu. Ngazi ilijikunja kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Dakika ya tatu ikalia, kwi, ikanyamaza. Mama Ngazi alikuwa ameshika mikono nyuma na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Chokaa alimwangalia, naye kwa heshima akavua kofia.

Simu ikalia. Ngazi ilikuwa bado iko juu ya mapipa.

"Imefaulu," alisema Mkaguzi. Aliizunguka, akaipapasa. "Na niseme ukweli, mama, sijaona ngazi safi kama hii. Nilizoea kuona mianzi ina manundu manundu. Hii imefanyiwa kazi."

"Ni mimi," alisema Mswaki. "Msasa wa aina tatu."

"Hongera sana. Basi naandika hivi: zote thelathini ziwe laini kama mfano." Akaandika, akapuliza muhuri, akaugonga. "Weka sahihi hapa, mama. Au kidole, wino ninao."

"Sahihi," alisema Mama Ngazi.

Miaka miwili nyuma angebonyeza kidole gumba na kwenda zake nyumbani kumshukuru Mungu. Lakini miaka miwili hiyo alikuwa akienda darasani jioni nne kwa wiki, na mwalimu alikuwa amewaapisha wanafunzi wake, ambao mdogo wao alikuwa na miaka arobaini na moja, kwamba hawatatia sahihi karatasi wasiyoisoma. Akavaa miwani. Akaanza juu, na kidole chini ya mstari.

Mkaguzi alisubiri. Alipoona kidole kimefika mstari wa tatu, alikaa kwenye ndoo.

Mstari wa tano ulisema ngazi ipimwe kwa uzito usiopungua mifuko sita. Mstari wa nane ulisema mtengenezaji ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mstari wa tisa ulisema: *Mtengenezaji hajui kasoro yoyote katika ngazi hii ambayo mkaguzi hakuiona.* Na chini yake kulikuwa na nafasi ya sahihi.

Aliusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alitumaini amekosea kusoma.

"Hii ya tisa," alisema. "Naulizwa mimi?"

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Kila mtu anasaini."

"Na Mungu naye anaijua hii fomu?"

Mkaguzi alitazama fomu upande wa nyuma, kana kwamba huenda iko sehemu inayohusu hilo. "Sidhani, mama."

Mama Ngazi alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni. Asubuhi ile aliomba ngazi ipite, na imepita. Hapakuwa na pa kulalamikia. Alipata alichokiomba, kimegongwa muhuri, na sasa ilimbidi akirudishe.

"Ngazi hii ni mbovu," alisema.

Mswaki alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mama!"

"Tulia, mwanangu. Si mbovu kwa mwanzi, mwanzi nimeukata mwenyewe. Ni mbovu kwa sababu imechunwa. Ngozi yote imekwenda na msasa, na vifundo vimesawazishwa. Leo ina nguvu kwa sababu ni mpya na ni kavu. Mvua mbili tu, vanishi itabanduka, na maji yataingia pale ngozi ilipokuwa. Baada ya maji, bungua. Na mdudu huyo anakula kwa ndani, nje huoni kitu." Alimgeukia Chokaa. "Halafu siku moja uko juu na ndoo yako."

Chokaa aliinua uso taratibu akaangalia ukuta wa maktaba, kutoka chini hadi ghorofa ya tatu, mahali ambapo wiki ijayo angekuwa amesimama.

"Na wewe uliyajua haya tangu lini?" aliuliza.

"Tangu saa moja na nusu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, kaka. Nikamwomba Mungu ipite."

Chokaa alirudisha kofia kichwani. Hilo lilimuuma Mama Ngazi kuliko kama angemtukana.

"Mkaguzi," alisema, "ifelishe."

"Haiwezekani, mama. Nimeshagonga muhuri."

"Futa."

"Muhuri haufutwi. Kuna fomu ya rufaa, lakini ile ni ya walioshindwa. Wewe umefaulu." Kijana alikuwa anatoka jasho chini ya kofia ngumu. "Nikirudi ofisini niseme nini? Kwamba ngazi imebeba mzigo wote, halafu mwenyewe akakataa? Wataniuliza kama nilikunywa chai asubuhi."

"Na ikivunjika kwenye kipimo?"

"Hapo ningeandika imeshindwa. Lakini kipimo kimekwisha. Mifuko ni sita."

Mama Ngazi aliirudia fomu. Kidole kikapanda mpaka mstari wa tano. "Hapa pameandikwa isipungue sita," alisema. "Sijaona walipoandika isizidi."

Mkaguzi alisoma. Akasoma tena akisogeza midomo. Kisha akachukua simu, akaweka dakika kumi upya. "Ongezeni," aliwaambia mafundi.

Waliongeza mfuko wa saba. Ngazi ikalia kidogo. Wa nane. Wa tisa. Mifuko ikaisha uwanjani, na ngazi ilikuwa imejikunja lakini imeng'ang'ana.

"Sasa huu mwanzi nao," alisema Mama Ngazi kwa hasira, ingawa mtu aliyemfahamu angeona kuna kitu kingine usoni pake.

"Si nilikwambia iko vizuri?" alisema Mswaki.

"Wewe nyamaza, baba."

Ikabidi watu wakae. Fundi wa kwanza aliketi juu ya mifuko, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wa pili akaketi kando yake. Ngazi ikaguna. Mkaguzi aliandika kitu, akakifuta.

"Kaka Chokaa," alisema Mama Ngazi, "bado wewe."

"Mimi?" Chokaa alimtazama. "Unataka nikae kwenye ngazi ambayo umeniambia itaniua?"

"Nataka ikuangushe leo, ukiwa nusu mita kutoka kwenye mchanga."

Chokaa alilifikiria jambo hilo. Alivua koti, akalikunja, akampa Mswaki alishike. Akaketi.

Mlio ulikuwa kama wa risasi. Mwanzi wa kulia ulipasuka pale pale kifundo cha saba kilipokuwa kabla hakijasawazishwa, ukafunguka kwa urefu kama ganda la ndizi, na mafundi watatu pamoja na mifuko tisa wakatua mchangani. Hakuna aliyeumia. Chokaa alibaki amekaa alipotua.

"Imeshindwa," alisema Mkaguzi kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua fomu mpya, akaanza kuijaza upya tangu jina.

Mswaki alikuwa amepiga magoti kwenye ule mpasuko. Alipitisha ukucha kwenye ukingo uliofunguka, ambapo mtu angeweza kuona wazi nyuzi zilivyosongamana upande wa nje na kuachana kadiri zinavyoingia ndani. Za nje zenyewe, zile zilizosongamana, zilibaki chache mno.

"Mama," alisema bila kugeuka, "kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Kwa sababu uliuliza ukiwa na kikombe cha chai na furaha. Nikakuonea huruma. Na nikajionea huruma mimi."

"Ningekusaidia kutafuta nyingine."

"Nyingine haikuwepo, mwanangu. Lakini ilinipasa nikuambie. Ilikuwa haki yako kujua, kabla ya hawa wote."

Mswaki aliinuka, akampa Chokaa koti lake, kisha akaokota kipande cha mwanzi uliopasuka.

Mkaguzi alikuwa amefika chini ya fomu, akasimama hapo. "Sasa ndiyo shida inaanza," alisema. "Aliyeshindwa anasubiri siku tisini. Na mkandarasi hasubiri siku tisini, nimeshamsikia. Ataagiza za alumini kesho."

Mama Ngazi aliitikia kwa kichwa. Alilijua hilo tangu alipofumbua mdomo. Macho yalimwelekea mkwe wake, na akilini akaiona ile mashine mpya imesimama upande wa kulia wa karakana, imefunikwa kitambaa.

"Basi," alisema. "Nipe niweke sahihi."

"Ngoja kwanza." Aliyesema alikuwa Chokaa, anajipangusa mchanga. "Kijana, hapo chini pameandikwa nini, penye mistari mitatu?"

"Maoni ya mkaguzi."

"Na wewe huna maoni?"

Mkaguzi alikiri kwamba hajawahi kuulizwa.

"Mimi ninayo," alisema Chokaa. "Miaka kumi na tisa napanda ngazi za huyu mama. Za alumini nimezipanda pia, na aliyeziuza simjui, wala hajawahi kuja uwanjani kuniambia zina nini. Huyu amenyamaza saa tatu, na hizo saa tatu nitamdai mpaka tuzeeke. Lakini amesema. Amesema akiwa ameshapewa muhuri." Aligeukia wenzake. "Tunaweza kuanza na kuta za chini na dari za vyumba vya ndani. Wiki mbili. Huko tunapanda meza. Tunaweza au hatuwezi?"

"Tunaweza," walisema mafundi.

Mkaguzi alitafuna kalamu. Kisha akaandika polepole, na Mama Ngazi akasoma juu ya bega lake, neno kwa neno: *Mtengenezaji aliomba mwenyewe ngazi yake ishindwe. Ninashauri aruhusiwe kuleta mfano mwingine baada ya siku kumi na nne, nami nitarudi kwa ajili yake.* Mistari ikaisha.

"Hili nalibeba mimi, mama," alisema, na hakuwa na furaha nalo. "Nikiulizwa nimeegemea kitu gani, fomu haina mahali pa ahadi yako. Kwa hiyo itamke hapa, wote wasikie, nijue ninacho cha kuegemea."

Mama Ngazi aliweka sahihi kwanza, herufi zote, hakuruka hata moja. Akamrudishia kalamu. Akawatazama mafundi sita, na Mkaguzi, na mkwe wake aliyekuwa bado ameshika kipande cha mwanzi uliopasuka, akasema kwa sauti ya kufika ghorofa ya tatu:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Ngazi thelathini zitakuja na ngozi yake na vifundo vyake, na kila moja nitaipanda mimi kwanza mpaka kidato cha juu, mkwe wangu akinishikia chini. Na kasoro yoyote nikiijua, nitaisema siku hiyo hiyo, kabla sijaulizwa, hata kama nimeomba ipite."